Amekula Chumvi Nyingi: Je, Umri Unatosha Kumnyima Mtu Ini?



Kuna msemo tunaoutumia bila kuufikiria sana: "Mzee yule amekula chumvi nyingi." Msibani ni maneno ya faraja, na hayana ubaya. Lakini niliusikia ukitumika Nyakitonto juu ya mtu ambaye bado anapumua, na tangu hapo haujaniacha. Baba mmoja wa miaka 66, ini limeharibika kwa homa ya ini ya muda mrefu, tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Kilichobaki ni kupandikizwa ini jingine. Mwanawe wa miaka 23 anasema yuko tayari kumpa kipande cha ini lake. Ukoo umegawanyika, maana safari ya India ni makumi ya mamilioni ya shilingi, yaani shamba na ng'ombe wote. Vijana wa kigango walikuwa wakilijadili jambo hili baada ya ibada, na mmoja akaniambia, "Frateri, tuseme ukweli. Angekuwa yule kijana ndiye mgonjwa, tungechanga wote. Lakini mzee ameshakula chumvi."

Swali lake ni zuri kuliko linavyosikika, na halijibiwi kwa kusema tu "uhai ni zawadi ya Mungu". Ni zawadi, sawa. Ila ini ni moja na fedha ni kidogo.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Hapa Tanzania figo zilianza kupandikizwa Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ini ni kazi nzito zaidi, na wagonjwa wetu wamekuwa wakienda India, kwa kawaida wakiongozana na ndugu wa kuwatolea. Ini lina ajabu yake: mtu mzima akikatwa hata zaidi ya nusu ya ini, lililobaki hukua tena ndani ya miezi michache, na kile kipande kilichohamishwa nacho hukua kwa mwenzake. Mwenyezi Mungu hakufanya hivyo kwa figo. Ila upasuaji huo si kunyoa nywele. Kati ya watoaji elfu moja wa kipande kikubwa, inakadiriwa wawili hadi watano hufariki. Hao walikuwa watu wazima wa afya ambao asubuhi ile hawakuwa na ugonjwa wowote.

Sasa umri. Ini la kwanza la binadamu lilipandikizwa na daktari Thomas Starzl kule Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, naye alifia mezani. Udogo haukumwokoa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, sehemu nyingi mtu aliyevuka miaka 50 alifungiwa mlango. Leo wenye 70 wanapandikizwa. Kwenye hospitali nzuri, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wanafikisha mwaka mmoja. Ni kweli wazee kwa wastani wanaishi muda mfupi zaidi baada ya hapo, na pengo linakua kadiri miaka inavyosonga. Lakini angalia kinachowaua: mara nyingi ni moyo, saratani, maambukizi. Si ini lenyewe. Tena mwili wa mzee huelekea kukikubali kiungo kigeni kwa upole kuliko mwili wa kijana, kwa sababu kinga yake imepoa. Na mzee aliyepimwa vizuri, mwenye moyo mzima na mapafu mazima, matokeo yake hukaribia yale ya wadogo zake.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Aliyepandikizwa anameza dawa za kuzuia mwili usikikatae kiungo, kila siku, maisha yote. Kundi linalojulikana na madaktari kwa kuacha dawa, hadi kiungo kinapotea, si wazee. Ni vijana, kuanzia ule umri wa kubalehe hadi miaka ya ishirini. Kijana anajisikia mzima, amehamia chuo, hataki wenzake wamwone na vidonge. Kwa hiyo anayesema "mpe kijana, kwake ini litadumu" bado ana kazi ya kuthibitisha.

Wanafalsafa wamelijadili hili. Daniel Callahan, Mmarekani, aliandika kitabu mwaka 1987 akisema mtu akishatimiza urefu wa kawaida wa maisha, tiba iache kumrefushia siku, imwondolee maumivu tu. Wengine wanasema maisha ni kama zamu: aliyepata zamu yake kamili ampishe ambaye hajapata. Siwadharau. Nikiwa na ini moja, na mbele yangu mtoto wa miaka 8 na babu wa miaka 80 walio sawa katika mengine yote, moyo wangu unajua unaelekea wapi, na sidhani moyo huo ni wa kishetani. Ila "walio sawa katika mengine yote" wanapatikana darasani. Wodini sijawahi kuwaona.

Yohane Paulo II aliligusa suala hili alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji Roma, Agosti 2000. Alifundisha kwamba kugawa viungo kusifuate ubaguzi, na umri akautaja humo pamoja na jinsia, rangi na dini. Wala kusifuate faida ya mtu kwa jamii. Kifuatwe kipimo cha kitabibu. (Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 80, mikono ikitetemeka kwa ugonjwa. Alijua alichokuwa anakisema.) Na ndivyo mfumo wa Marekani ulivyofanya tangu mwaka 2002: foleni ya watu wazima ikapangwa kwa vipimo vya damu vinavyoonyesha nani yuko karibu na kifo, bila kuuliza mwaka wa kuzaliwa.

Sasa hapo mtu atasema: lakini daktari bado anaangalia umri! Anaangalia, ndiyo. Anauangalia kama anavyoangalia shinikizo la damu, yaani kama dalili ya mambo mengine: je, moyo utahimili saa kumi za upasuaji? Hiyo ni haki kabisa, na moyo ukionekana hautahimili, kumwacha mgonjwa si kumdharau. Tofauti ni pale umri unapoacha kuwa dalili na kuwa hukumu. "Moyo wako hauwezi" ni taarifa juu ya mwili wa mtu. "Umekula chumvi nyingi" ni taarifa juu ya thamani yake, na mimi binafsi sioni nani alitupa mizani ya kupimia hiyo chumvi.

Lakini yule baba wa Nyakitonto hayuko kwenye foleni. Ini lake liko ndani ya tumbo la mwanawe, na hapa swali linageuka. Amri ya nne inamdai mtoto amheshimu baba. Yoshua bin Sira anaongeza kwamba amsaidie uzeeni hata akili ikipungua. Je, inamdai na nyama yake? Hapana. Kanisa linauita utoaji wa kiungo tendo bora la upendo, na kinachoweza kudaiwa kwa nguvu hakiwezi tena kuitwa hivyo. Tena Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho mara ya pili, sura ya 12, anasema akiba hutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, si kinyume. Alikuwa anaongelea fedha na utume wake, najua, lakini baba yeyote anayesoma mstari ule akiwa na mtoto amelala meza ya pili atausikia kwa namna nyingine.

Ndiyo maana nampenda Barzilai. Yumo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19. Mzee wa miaka 80, alimlisha Daudi wakati wa vita ya Absalomu. Vita vikiisha, mfalme anamwalika Yerusalemu akale naye. Barzilai anasema hapana: hata ladha ya chakula siipati tena, kwa nini niwe mzigo? Niache nirudi nikafie karibu na kaburi la baba na mama yangu. Mchukue Kimhamu badala yangu. Angalia mpangilio. Daudi hakumwambia "wewe mzee, kaa nyumbani". Mwaliko ulikuwa wa kweli, kiti kilikuwepo, na mzee mwenyewe ndiye aliyekitoa. Mwalike kwanza, ndipo "hapana" yake iwe zawadi. Tukimnyima kiti halafu tukamsifu kwa unyenyekevu wake, tumemwibia mara mbili.

Na kijana naye aalikwe hivyohivyo. Kwenye ukoo wetu, nani atathubutu kusema "naogopa kisu" mbele ya shangazi wanne? Hospitali makini humhoji mtoaji peke yake, mlango umefungwa, na akisema hataki, daktari huwaambia ndugu maneno machache tu: "Hafai kutoa." Seminarini tulibishana jioni nzima kama huo ni uongo. Mimi nilisimama upande wa daktari. Asiyetaka kutoa kweli hafai kutoa, na ndugu hawana haki ya kujua zaidi ya hapo.