Mfungo na Njaa

Kanisa Katoliki huwataka waumini wake wajiepushe na nyama Ijumaa za Kwaresima. Huko Ikungi, mkoani Singida, Kwaresima huangukia msimu wa mvua, nafaka ikiwa bado shambani na maghala yakikaribia kuwa matupu. Je, mkulima alaye ugali wa uwele kwa mlenda, ambaye nyama huionja sikukuu, ajinyime nini? Sisi twaona kuwa njaa si mfungo, maana mfungo huchaguliwa. Lakini hata maskini ana la kuchagua: kibaba cha unga apunguzacho kwa ajili ya jirani asiye na kitu. (Tajiri aachaye nyama leo ili aile kesho ameweka akiba tu.) Mwaka 1966 Papa Paulo wa Sita aliwaruhusu maaskofu waweke matendo ya huruma mahali pa mfungo, kwa mkulima wetu, ruhusa hiyo yadai zaidi kuliko katazo la nyama.