Nasiha: kazi ya mshauri na kazi ya mwenye shida

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu. Tunamsifu, tunamwomba msaada, tunamwomba msamaha. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baadu.

Ndugu zangu katika imani, baba na mama, nanyi vijana mnaosoma karatasi hii kibarazani: ninawausia, na ninaiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi.

Juma hii tuseme juu ya nasiha. Sisemi ile ya mimbari, ambayo kila mtu anaisikia akifikiri inamhusu jirani yake. Ninasema ile ya mtu mmoja mbele ya mtu mmoja, kwenye mkeka baada ya Alasiri, au nyumbani kwa mzee wa ukoo, au kwa mama mkubwa ambaye mabinti wanamwendea wakigombana na bwana zao. Kila mmoja wenu, siku moja, ataombwa shauri. Na kila mmoja wenu, siku nyingine, ataliomba.

Wengi wanaokuja kutafuta shauri huanza na jina la mwingine. Shetani alinishika. Mama mkwe ananiroga. Marafiki walinivuta. Vita viliharibu kila kitu. Leta hailipi mishahara. Mambo mengine katika hayo ni kweli, nani atakataa kwamba vita viliharibu? Lakini sikiliza vizuri: mtu anaweza kusema saa nzima habari za wengine wote, na yeye mwenyewe asionekane ndani ya habari yake hata mara moja.

Tusome kisa cha baba yetu Adamu katika Sura Al-Aaraf. Adamu na Hawa walikosa, na Iblisi alikosa. Iblisi alipohukumiwa alimtupia Mola wake lawama, akadai kwamba ni Yeye aliyempoteza. Adamu na Hawa walikuwa na sababu nzuri kuliko yeye ya kulaumu mwingine, maana kweli walidanganywa, tena kwa kiapo. Lakini walipoomba msamaha walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao, na jina la Iblisi halimo katika dua yao. Toba ilipita katika mlango huo.

Na Shetani mwenyewe, mnajua atasema nini Siku ya Kiyama? Mtaikuta katika Sura Ibrahim, aya ya 22. Atawaambia waliomfuata kwamba hakuwa na nguvu juu yao, kazi yake ilikuwa kuwaita tu, wao wakaitikia, basi wasimlaumu yeye bali wazilaumu nafsi zao. Mtu amejificha nyuma ya Shetani miaka arobaini, na siku ya hesabu Shetani anasogea pembeni!

Wako wanaosema: Sheikh, hayo yote ni kadari, yameandikwa. Kadari tunaiamini, ni nguzo ya imani. Lakini mwangalieni Sayyidna Umar (r.a.) aliposafiri kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia nchi ile. Akafanya shauri na watu, akakata neno la kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, mtu mkubwa katika Masahaba, akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu: akichunga kwenye majani ni kwa kadari, na akichunga penye ukavu ni kwa kadari vilevile. Mchungaji anachagua, na ngamia wanashiba au wanakonda kwa uchaguzi wake. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba ukisikia tauni iko mahali usiingie, na ikikukuta mahali ulipo usitoke kwa kuikimbia. Habari hii iko katika Bukhari na Muslim.

Sasa, mshauri afanye namna gani? Wengi wetu tunajua namna moja tu, nayo ni kukemea. Mtoto akikosa tunampigia kelele, mtaa mzima unasikia, naye anaondoka na moyo mgumu kuliko alivyokuja.

Imamu Ahmad amepokea kwa Abu Umama habari ya kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Mbele ya watu! Watu wakamgeukia wakamkaripia. Mtume akamwita asogee karibu, kijana akakaa. Akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake. Kijana akasema hapana. Akamwambia watu nao hawalipendi kwa mama zao. Akamuuliza juu ya binti yake, dada yake, shangazi yake, mama yake mdogo, na kila mara kijana anajibu mwenyewe kwamba hapana. Mwisho Mtume akamwekea mkono, akamwombea asamehewe, moyo wake utakaswe, na tupu yake ihifadhiwe. Tangu siku ile kijana hakugeukia tena jambo lile.

Tazameni, hakuna kofi pale. Kuna kusogezwa karibu, kuna maswali, kuna majibu yaliyotoka kinywani mwa kijana mwenyewe, na mwisho kuna dua. Mtume alijua hukumu ya zina kuliko mtu yeyote, angeweza kuisoma na kumaliza. Aliacha kijana aifikie kwa miguu yake.

Mama mmoja anayefanya kazi ya kushauri wagonjwa katika kituo cha afya alinieleza kwamba wenzetu wa kizungu nao wana njia inayokaribia hiyo. Daktari wa Marekani, William Glasser, aliyefariki mwaka wa 2013, alifanya kazi katika shule ya serikali huko California ya mabinti waliokosa sheria, na mwaka wa 1965 akatoa kitabu juu ya njia yake. Hakupenda kuchimba sana mambo ya zamani. Mwanafunzi wake Robert Wubbolding aliyapanga maswali hivi: unataka nini, unafanya nini sasa, je, unayofanya yanakufikisha unapotaka, na mpango wako ni upi. Msingi wake ni kwamba mtu hana uwezo wa kuendesha matendo ya mwingine, ana uwezo juu ya yake mwenyewe. Sisi tuna msingi wa zamani kuliko huo, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Lakini maswali ni mazuri, na chombo kizuri hatukitupi kwa sababu ya mkono uliokitengeneza.

Nitoe mfano. Nimechanganya habari za watu wengi ndani yake, basi msitafutane kwa macho. Mtu anayesukuma baiskeli ya mawese anakuja kusema bibi yake amekimbilia kwao, nyumba imeingiliwa na jini, anaomba nimwandikie aya kwenye sahani azioshe anywe.

Ninamuuliza: "Baba, wewe unataka nini?"

"Bibi yangu arudi, Sheikh."

"Siku ya soko, ukisha kuuza mawese, unapita wapi?"

Ananyamaza. Kisha: "Kwa marafiki."

"Mnakunywa nini huko?"

"Lotoko."

"Na feza ya mawese, unafika nayo nyumbani?"

"Haifiki."

"Kwa njia hiyo, bibi atarudi?"

Anaangalia mkeka. "Hawezi."

"Basi soko la Jumamosi hii utafanya nini?"

Hapo mshauri afunge kinywa chake, hata kama jibu linamwasha ulimi. Baada ya muda mtu huyu anasema atampa mama yake feza palepale sokoni, kabla ya kufika njia ya walevi, na arudi kwa barabara ya mto. Mpango mdogo, wa siku moja, na ni wake. Ningempa mimi mpango, Jumamosi ingekuwa yangu, na ukishindwa angekuja kuniambia mpango wangu haukufaa. Dua tuliomba, na Kurani tulisoma. Sahani sikuandika.

Mtauliza kama bibi alirudi. Bado yuko kwao. Naye ana akili na hiyari yake, ana haki ya kungoja aone kama lotoko limeachwa kweli. Mwenyezi Mungu alipoagiza wasuluhishi, mmoja wa upande wa bwana na mmoja wa upande wa bibi, katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, alitaja kutaka kupatana. Upatanishi hauwi kamba ya kumvuta mwanamke kutoka kwa wazazi wake. Wazee wengine wa ukoo hawapendi nikisema hivi. Waisome aya.

Na hapa ndugu zangu nataka kukaa kidogo, kwa sababu neno hili la hiyari linaweza kugeuzwa panga. Kuna yale mtu aliyotenda, na kuna yale aliyotendewa. Katika nchi yetu hii, tangu vita vya 1996 na vya 1998 na yaliyofuata mpaka leo, kuna wanawake walioshikwa kwa nguvu shambani na njiani, na wengine mbele ya watoto wao. Kisha bwana anamfukuza. Kisha mtu anakuja na uso wa nasiha kumuuliza: kwa nini ulipita njia ile? Huo ni udhalimu wa pili juu ya wa kwanza.

Someni Sura An-Nur, aya ya 33. Kulikuwa na watu Madina waliowalazimisha wajakazi wao kuzini ili wapate mali. Aya ilikataza, na kwa wale mabinti waliolazimishwa ikataja msamaha na rehema ya Mungu. Na Ammar bin Yasir alipoteswa mpaka akatamka neno la kufuru, aya ya Sura An-Nahl, ya 106, ilimtoa yule aliyelazimishwa na moyo wake umetulia katika imani. Fikihi yetu inajua mlazimishwa hahesabiwi kama mwenye kuchagua. Basi wewe bwana uliyemfukuza bibi yako kwa sababu hiyo, swali la hiyari linakuja kwako. Yeye hakuchagua. Wewe ulichagua.

Vilevile mtoto anayesingiziwa uchawi. Biashara ya baba imeanguka, mtoto anaota ndoto mbaya, basi yeye ndiye mchawi! Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka wa 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi zake mwenyewe, atabebaje hasara ya baba yake?

Na mgonjwa wa akili. Huyu daktari Glasser alizikataa sana dawa za magonjwa ya akili, na hapo hatumfuati. Mtume (s.a.w.) ametuamuru kujitibu. Mtu asiyelala majuma mawili, anayesikia sauti, au anayesema anataka kujiua, usimwulize mpango wake kisha ukamwacha aende peke yake. Mshike mkono, muende pamoja hospitali, na dua muombe njiani.

Mnakumbuka kisa cha aliyeua watu tisini na tisa. Alimwendea mcha Mungu mmoja akamuuliza kama ana toba, akaambiwa hana. Akamuua naye, wakatimia mia. Akamwendea mwenye elimu, huyu akamwambia hakuna wa kumzuilia toba, lakini atoke katika mji wake mbaya aende mji fulani wenye watu wanaomwabudu Mungu. Akafa njiani, na malaika wa rehema wakamchukua. Mshauri wa kwanza alikuwa na ibada nyingi. Wa pili alimpa mlango na barabara, na kutembea akamwachia mwenyewe.

Ninyi mnaoombwa shauri, mshike siri. Mtu akikuambia neno lake Alhamisi na Ijumaa likawa sokoni, hatarudi kwako wala kwa mwingine. Msimkatie mtu neno la talaka wala la kuoa, mfunulieni sheria, mwacheni achague. Na aliyeanguka tena baada ya mpango wake msimcheke. Mwulizeni tu, Jumamosi ijayo je?

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyotenda, uwaponye waliotendewa, uwarudishe waliopotea, na uiteremshie nchi yetu amani. Amina.

Matangazo: Nasiha kwa wanaume ni kila Jumatano baada ya Alasiri, chumba cha madrasa, mmoja mmoja. Wanawake watapokelewa na mama wa kamati Jumamosi asubuhi mahali palepale, na hakuna mwanaume atakayekaa kibarazani saa hizo. Hakuna malipo. Anayehitaji kusindikizwa hospitali awaambie vijana wa msikiti, hata usiku.