Ujira wa Mwenye Kueleza Elimu

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa Gede: je, yafaa mwandishi wa mambo ya siha na elimu apokee fedha za kampuni ambayo bidhaa yake ndiyo anayoiandikia? Wako waliokwisha kukata shauri kuwa kila senti ya tajiri ni haramu. Sisi hatuoni hivyo, wala hatuoni kuwa jambo hili ni jepesi.

Maulamaa wa Hadithi walilijadili zamani. Imamu Ahmad bin Hanbal hakuridhia Hadithi iandikwe kutoka kwa mtu achukuaye ujira kwa kuisimulia. Lakini Abu Nu'aym al-Fadhl bin Dukayn, mmoja wa masheikh wa Bukhari, alikuwa akichukua, na mapokezi yake yakakubaliwa. Alikuwa na jamaa wengi wa kuwalisha, na khabari ya ujira wake haikuwa siri.

Na siri ndiyo yenye kudhuru. Mwaka 1965 jumuiya ya wenye biashara ya sukari Marekani iliwalipa wanavyuoni wa Harvard dola 6,500 waandike juu ya maradhi ya moyo. Makala yao yalitoka mwaka 1967 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakaipunguzia sukari lawama na kuyatwika mafuta. Mlipaji hakutajwa, jarida hilo halikuwataka waandishi wataje maslahi yao mpaka 1984. Jambo likafichuka mwaka 2016, waandishi wamekwisha kufa. Miaka 49! Na sisi huku pwani tukitia chai vijiko vinne.

Wala fedha ya kampuni peke yake haiharibu khabari. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa mahali hapo. Kampuni ya GSK, iliyoitengeneza, ilikuwa mmoja wa walipaji, na jina lake likaandikwa wazi. Ripoti ya mwaka 2015 ilisema kuwa waliopata sindano nne wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 walipunguziwa malaria kwa kiasi cha asilimia 36 tu. Ikasema pia kuwa homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa. Khabari hiyo ikachunguzwa Kenya, Ghana na Malawi kuanzia 2019, hatari hiyo haikuonekana tena, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaikubali chanjo.

Mfanyabiashara asidhani tunamtukana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ushahidi wa baba kwa mwanawe haupokelewi, hata baba akiwa mwadilifu.

Basi tajiri wa soda akitaka kulipia makala juu ya kisukari, jina lake liandikwe juu kabisa, si chini kwa herufi ndogo, wala asiyaone kabla hayajapigwa chapa. Asiporidhika, kuta za maduka zipo, na kuzipaka rangi yake hakuna amkatazaye.