Kicheko Chenye Deni

Katika mitaa yetu ya Lulindi wapo vijana wanaoyajua majina ya wachekeshaji wa runinga kuliko majina ya manabii wadogo. Tusishangae, wala tusiwakasirikie. Msimu wa korosho ukienda vizuri, nyumba nyingi huongeza runinga na king'amuzi, na asiye navyo huenda kwa jirani au kwenye kibanda umiza. Kesho yake, shambani au kabla ya mazoezi ya kwaya, swali la kwanza ni hili: "Uliona jana?" Mmoja huanza kuigiza, wa pili humsahihisha, wa tatu huongeza la kwake, na wote hukicheka tena kile walichokwisha kukicheka jana.

Mapenzi haya ni ya zamani kuliko madishi yaliyo juu ya mabati yetu. Wazee wetu walikusanyika penye redio moja kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania. Runinga ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, sauti zikapata sura. Tukawapenda Mzee Small na King Majuto, na wale waliopata kuona runinga ya Kenya wakampenda Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Kisha likaja kundi la Ze Comedy, na baadaye Orijino Komedi katika TBC, likiwa na Joti, Mpoki na wenzao. Humo alikuwamo pia Masanja Mkandamizaji, ambaye leo watu wanamfahamu vilevile kama mhubiri wa Injili.

Katika kuwashabikia watu hawa lipo jema ambalo hatuna budi kulikiri. Kichekesho ni kama chakula cha sinia: anayekila peke yake hakioni utamu wake wote. Ndiyo maana anayekipenda hutafuta mwenzake wa kumsimulia. Penye simulizi hiyo Mwislamu na Mkristo, mwenye shamba na kibarua, huketi bila kuulizana cheo. Si mambo mengi yanayowaketisha watu hivyo. Lakini swali linabaki: mwamini akisha kucheka, je, anadaiwa kitu?

Wapo wanaojibu kwamba mtu wa Mungu hapaswi kucheka kabisa, maana vichekesho ni upuuzi wa dunia. Ndugu zetu hawa na wakumbuke jina la Isaka, ambalo maana yake ni kicheko. Sara alipomzaa katika uzee wake, alisema kwamba wote watakaosikia habari ile watacheka pamoja naye. Mhubiri naye ameweka wakati wa kucheka kando ya wakati wa kulia, na Zaburi ya 126 inawaonyesha watu waliorudishwa kwao vinywa vyao vikiwa vimejaa kicheko. Basi ahadi ya Mungu ilipotimia, watu walicheka, na Mungu hakuwakemea.

Wapo wengine wanaojibu kwamba hii ni komedi tu, na komedi haimdhuru mtu. Hao nao na wasome Mathayo 27. Askari walikusanya kikosi kizima. Wakamvika Bwana wetu vazi la kifalme, wakamwekea taji ya miiba, wakamshikisha mwanzi kama fimbo ya enzi, kisha wakapiga magoti na kumsalimu kama mfalme. Tazama vizuri, ndugu msomaji: hayo ni maigizo. Yana mavazi, yana mhusika, yana watazamaji, na bila shaka walicheka sana. Walikuwa wamefurahi pamoja, kama sisi tunavyofurahi pamoja. Kwa hiyo kule kucheka kwa umoja peke yake hakukifanyi kicheko kuwa chema.

Basi tofauti iko wapi? Tungeweza kusema kwa haraka kwamba kucheka pamoja na mtu ni kuzuri, na kumcheka mtu ni dhambi. Lakini sisi watu wa huku hatuwezi kuliishia hapo, maana tuna utani, na mtani humcheka mtu waziwazi. Tumewaona watani msibani. Mmoja huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na ubahili wake, akataja madeni yake mbele ya wajane. Mwingine huzuia jeneza mpaka alipwe. Mgeni asiyejua angedhani ni watu wasio na haya. Lakini ni watani hao hao wanaoshika jembe na kuchimba kaburi, na wanaofanya kazi ambazo ndugu wa marehemu, kwa uchungu wao, hawaziwezi. Kicheko chao kimelipiwa kwa jasho. Anayekucheka ndiye atakayekuzika, na kwa sababu hiyo wafiwa hawamkasirikii.

Wazee wengi hueleza kwamba utani wa makabila ulizaliwa na vita vya zamani. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni ya Masasi, na wapo waliouawa na waliochukuliwa mateka. Leo Mngoni akikutana na mtu wa kwetu, silaha iliyobaki ni maneno, na akipatwa na msiba huku ugenini hatukosi kwenda. Huo si upuuzi. Ni amani iliyopatikana kwa gharama, nayo hutunzwa kwa kicheko.

Tunasema basi kwamba kicheko chema ni kile chenye deni. Aliyenicheka ana wajibu kwangu, nami ninajua kwamba anao. Askari wa Pilato hawakuwa na deni lolote kwa yule waliyemcheka. Walipochoka na mchezo wao, wakampeleka kusulubiwa. Lakini mtani hana ruhusa ya kuondoka.

Hapa ndipo runinga inapotuletea jambo jipya. Mchekeshaji aliye Dar es Salaam hatujui sisi, wala hawezi kuja kutuzika. Anamwigiza mzee mwenye kigugumizi, mama aliyetoka kijijini, mlinzi asiyejua kusoma, nasi tunacheka, na kipindi kinakwisha. Mpaka hapo pengine hakuna aliyeumia. Lakini kesho yake sisi tunakichukua kile kichekesho na kukileta mahali penye watu wenye majina. Tuseme kijana mmoja wa kwaya ana kigugumizi. Wenzake wanampa jina la mhusika wa runinga, na kila anaposimama kusoma somo, mtu mmoja nyuma anatoa sauti ile. Kanisa lote linajua maana yake, na wengine wanatabasamu. Jumapili ya tatu kijana hasomi tena. Mchekeshaji hana habari. Deni lile ambalo yeye hakuweza kulilipa limekwisha kuhamia kwetu tuliolileta kichekesho nyumbani.

Na sisi watu wa kusini tuna sababu ya kulielewa hili. Katika vichekesho vingi Mmakonde, kama Mpemba na Msukuma, huingia kwa lafudhi yake tu, na watu wanaanza kucheka kabla hajasema neno la maana. Tukiwa sisi kwa sisi tunacheka pia, tena kwa moyo, kwa kuwa anayetuiga mbele yetu anakula ugali wetu. Lakini mtoto wetu anayekwenda kutafuta kazi mjini, akaanza kuificha sauti aliyopewa na mama yake, amekutana na kicheko kisicho na deni. Aliyeonja hayo asimwonjeshe mwenzake.

Kanisa letu halianzi leo kupima mambo ya namna hii. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alilikuta jando. Hakulifuta, wala hakulipokea zima zima. Yaliyopingana na Injili yaliachwa, na yaliyofaa yakawekwa chini ya Msalaba. Vivyo hivyo hatuna haja ya kuwafungia vijana runinga. Tuwafundishe kupima. Kipimo ni rahisi, hata mtoto wa kipaimara anaweza kukishika: je, huyu ninayemcheka, akiugua nitakwenda kumwona? Akifiwa nitakwenda? Kama jibu ni ndiyo, naye analijua, basi tucheke naye mpaka mbavu ziume. Kama jibu ni hapana, tunyamaze kwanza, twende tukamjulie hali, kisha tutaona kama kichekesho kile bado kinachekesha.

Kipimo hicho kinawahusu na wachekeshaji wenyewe. King Majuto, ambaye jina lake halisi ni Amri Athuman, aliugua, akapelekwa India kutibiwa, kisha akafariki katika hospitali ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Alikuwa Mwislamu wa Tanga, na wengi wetu hatukupata kumwona kwa macho. Hata hivyo aliwachekesha wagonjwa wetu na wazee wetu katika usiku ambao sisi hatukuwa na neno la kuwaambia. Kumwombea mtu wa namna hiyo, na kuwasaidia wasanii wadogo wa vijijini kwetu ambao huchekesha kwenye sherehe kisha wakarudishwa nyumbani na soda moja, ni kulipa deni.

Basi tuendelee kuulizana, "Uliona jana?" Na tunapouliza, tumtazame na yule aliyeketi pembeni asiyecheka. Huenda hakuiona tu kwa sababu hana runinga, tumsimulie. Huenda aliiona, na mtu aliyechekwa mle ndani alifanana naye. Huyo tusimpite. Tusogee, tumpe nafasi katikati yetu, tukajue jina lake na wala si lile tulilombandika.