Ua wa Nyumba ni wa Nani?

Wako wasemao kwamba kupanda miti na maua nyumbani si jambo la haki wala dhambi. Ua ni wangu, jembe ni langu, nitapanda nipendacho. Sisi nasi tulifikiri hivyo miaka mingi. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, tuliwaamuru wanachuo wafyeke kila kilichoota chenyewe, tukikiita pori, kisha wapande lantana kuwa uzio, kwa uzuri wa maua yake. Bweni lenye uwanja mtupu ndilo lililopata alama za juu.

Lantana asili yake ni Amerika. Ndege hula matunda yake na kuziangusha mbegu mbali. Basi haikukaa uani. Iliingia malishoni, ikasonga majani, na ng'ombe akiila huugua. Uzio wetu ukawa mzigo wa jirani. Ndipo tulipotambua kwamba mbegu haijui mpaka wa kiwanja, na ya kuwa kupanda nako kwaihusu amri ya kumpenda jirani.

Sasa tuutazame mkuyu. Ndio mti alioukwea Zakayo (Luka 19), na nabii Amosi alikuwa mtunza mikuyu (Amosi 7). Asili ya mti huu ni Afrika. Watu wa kale waliupeleka hadi Misri na Palestina. Lakini yuko mdudu mdogo, wa jamii ya nyigu, aingiaye ndani ya tunda lake na kulichavusha. Huyo hakufuatana nao. Kwa karne nyingi mikuyu ya huko ilizaa matunda yasiyo na mbegu, ikapandwa kwa matawi kwa mkono wa mtu. Hapa kwetu mdudu yuko na mbegu zipo. Ndege, popo na tumbili hula. Mti wa asili haukai peke yake: una jamaa zake. Aukataye huwafukuza wote nyumbani mwao.

Je, kila mti mgeni ni mbaya? Hasha! Mwembe na mwarobaini ilitoka Asia, nasi twala na kujitibu. Hata Habari Njema ililetwa kwetu na wageni. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hicho ndicho kipimo. Kabla ya kupanda mmea mgeni yatupasa kuuliza: je, mwenyeji atapona, au atafukuzwa?

Mtu wa kwanza aliwekwa bustanini si ailime tu, bali ailinde pia (Mwanzo 2). Basi, kabla ya kufyeka, tumwulize mzee jina la mmea na kazi yake. Penye nafasi tupande mringaringa, wenye kivuli chema na maua meupe yapendwayo na nyuki. Mkuyu tuupande mbali na nyumba, karibu na kijito, kwa sababu ya mizizi yake. Lantana tuing'oe kabla haijazaa.

Wale wanachuo wetu walikwenda kufundisha, na bila shaka wengine walifundisha kama tulivyowafundisha. Hatuwezi kuwaita tena darasani tuwasahihishie. Kwa hiyo tumeandika hapa, tukiomba kwamba asomaye amwambie mwenzake, na kwamba uwanja mtupu usihesabiwe tena kuwa ndio usafi.