Ulimpa au Ulimwazima?

Mafungu ya kusoma: Yoshua 4:4–7; 1 Samweli 2:18, 19; 2 Wafalme 18:4; Mathayo 5:37; 2 Timotheo 1:5.

Baba mmoja alikuwa na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe akiwa na miaka kumi. Magurudumu yake yalikatwa kwenye ndala kuukuu, na ekseli zake zilikuwa spoki za baiskeli. Alipohamia mjini alilichukua, akaliweka juu ya kabati. Mwanawe alipotimiza miaka saba, alilishusha, akalifuta vumbi na kumkabidhi. "Hili lilikuwa langu," alimwambia. "Sasa ni lako."

Jumapili iliyofuata mtoto alilitoa nje. Watoto wa jirani wakaliendesha kwa zamu, wakalipakia mchanga mpaka likapinda. Gurudumu moja likapotea mtaroni. Jioni baba alipoliona, alifoka mbele ya watoto wote: "Kitu nilichokitunza miaka yote hii, wewe umekiharibu kwa siku moja!" Mtoto hakujibu. Alilisukuma gari chini ya kitanda, na hakuligusa tena.

Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alingoja watoto walale. Kisha akauliza: "Mwanangu, gari lile ulimpa mtoto, au ulimwazima?" Akamkumbusha pia spoki zile zilikotoka. Zilitoka kwenye baiskeli ya marehemu baba yake, nazo hazikuombwa. Mzee alimkanya asichukue tena kitu cha mtu bila ruhusa, kisha akainama na kumsaidia kunyoosha ekseli.

Swali la bibi huyo linagusa zaidi ya gari la waya. Mzazi anapotoa kitu cha utoto wake, mara nyingi anatoa vitu viwili kwa pamoja: kitu chenyewe na kumbukumbu zake. Kitu mtoto anaweza kukipokea. Kumbukumbu hawezi kuzipokea kwa siku moja, kwa kuwa hakuwepo. Mtoto huyu aliambiwa gari ni lake, akaamini, akawaita wenzake wacheze nalo. Kushirikiana na wenzake ndiko alikofundishwa nyumbani na kanisani. Alipogombezwa, alijifunza kwamba neno "lako" kinywani mwa baba lina sharti lisilosemwa. Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo. Agizo hilo halikomei mahakamani. Linatuhusu pia tunapozungumza na mtoto wa miaka saba.

Je, mtoto ana haki ya kuharibu kila anachopewa? La. Kutunza vitu ni sehemu ya uwakili, na uwakili hufundishwa mapema. Lakini kuna tofauti kati ya kuharibu kwa dharau na kuchakaza kwa kucheza. Kitu cha kuchezea kisichochezewa kimekosa kazi yake.

Biblia haikatazi kutunza vitu vya kumbukumbu. Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yachukuliwe mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake wasimuliwe matendo ya Bwana. Mawe hayo yaliwekwa ili yaonekane na kuulizwa. Basi, mzazi mwenye kitu asichoweza kuvumilia kuona kikivunjika na akiweke kama jiwe la Gilgali: mahali pa kuonekana, pamoja na hadithi yake. Asimpe mtoto kwa mkono huku moyo ukikishikilia.

Hata hivyo, kumbukumbu nazo zina hatari yake. Nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa alikuwa ukumbusho wa rehema. Vizazi vilivyofuata vikamfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja. Kitu kinachotufanya tumwumize mtoto aliye hai kwa ajili ya siku zilizopita kimeanza kuchukua nafasi isiyo yake.

Hana anatuonyesha njia iliyo bora. Kila mwaka alimpelekea Samweli kanzu ndogo aliyomshonea. Mtoto alikuwa akikua, na upendo wa mama ulimfuata kwa kipimo chake kipya.

Ndivyo ilivyo kwa imani. Ile iliyokuwa ndani ya Loisi na Eunike ilifika kwa Timotheo ikawa imani yake mwenyewe. Tukiwaazima watoto imani yetu, wataitunza juu ya kabati kwa kutuogopa, au wataisukuma chini ya kitanda. Tukiwapa kweli, wataishika kwa mikono yao, watauliza maswali tusiyoyauliza sisi, na pengine itapata mikwaruzo. Kazi yetu ni kuwa karibu ili tuwasaidie kuinyoosha.

Kesho yake jioni baba alilivuta gari kutoka chini ya kitanda. Alimwambia mwanawe, "Nilikosea. Nilikupa, kisha nikataka kukunyang'anya." Wakakaa kizingitini, wakakata gurudumu jipya kutoka kwenye ndala ya mtoto iliyokwisha kuchakaa.

Maswali ya Kujadili

1. Ni kitu gani ulichowahi kumpa mtu huku moyoni ukikihesabu kuwa chako? Uhusiano wenu uliathirikaje?

2. Tutatofautishaje kumfundisha mtoto uwakili na kumfunga kwa kumbukumbu zetu?

3. Ni kwa njia gani kanisa lenu huwapa vijana kazi, lakini huwazuia kuifanya kwa namna yao? Ni lipi mnaloweza kubadilisha juma hili?