Hodhi ya Samaki Wakali

Kuna swali la zamani juu ya ukali: mkali akimdhuru mnyonge, lawama ni ya nani? Ni ya mkali aliyedhuru, au ya mnyonge aliyekaa karibu naye, au ya yule aliyewaweka wawili hao mahali pamoja? Katika mambo ya wanadamu jibu huwa gumu, kwa sababu kila mtu ana nia yake, na nia hufichika. Katika mambo ya samaki jibu huonekana kwa wepesi zaidi, maana samaki hana hila ya kujitetea wala ulimi wa kumsingizia mwenzake. Kwa hiyo si vibaya kuanza kwa samaki, na kufika kwa binadamu baadaye.

Mahali panapofaa kuanzia ni Kirumba, katika mji wa Mwanza. Pale Mwaloni, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, samaki ndiye salamu ya asubuhi na hesabu ya jioni. Dagaa waliokaushwa hufungwa katika magunia na kusafirishwa mbali, hata Kongo. Mtu wa Kirumba humjua samaki kama chakula na kama bei. Sasa na afikiriwe mmoja wao, mwenye nyumba ya wageni, ambaye anataka kumjua samaki kwa njia nyingine. Anakusudia kujenga katika ukumbi wake hodhi kubwa ya vioo, kuijaza maji ya chumvi, na kutia ndani yake samaki wakali wa Bahari ya Hindi: chewa mwenye kinywa kipana, mkunga anayekaa pangoni kama nyoka, na kikande mwenye meno ya kuvunja kombe. Watu waliozaliwa kando ya maji baridi wapate kuona viumbe vya maji ya chumvi bila ya kusafiri mpaka pwani.

Mtu huyu, akiwa na busara, hataanza kwa samaki. Ataanza kwa hesabu. Hodhi ya lita 2,000 ni mzigo wa tani mbili za maji kabla ya kupima vioo na mawe. Sakafu dhaifu haitauchukua. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita. Basi hodhi hiyo itataka kilo 70 za chumvi, na chumvi yenyewe si ile ya jikoni, maana bahari ina madini mengi ambayo chungu hakiyahitaji. Taka za samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wanaoigeuza sumu hiyo huhitaji majuma kadhaa ya kuzaliana katika mawe na machujio kabla ya samaki kukaribishwa kwa wingi. Umeme ukikatika usiku, pampu itasimama na samaki watakosa pumzi. Kwa hiyo jenereta ni sehemu ya hodhi kama kioo kilivyo.

Baada ya hesabu ya maji huja hesabu ya tabia. Wafugaji wa samaki wakali wana kanuni ambazo wamezipata kwa hasara. Ya kwanza, samaki anayeenea katika kinywa cha mwenzake asiwekwe pamoja naye. Ya pili, mawe na mapango yapangwe mapema, ili kila mmoja apate pa kujificha na mpaka wa kuutambua. Ya tatu, mpole atangulie na mkali aje mwisho. Maana mkali akitangulia huifanya hodhi nzima kuwa milki yake, na kila anayekuja nyuma humwona kuwa mvamizi. Ya nne, pawepo hodhi nyingine ndogo pembeni, ya kumtoa atakayeshindwa kuishi na wengine.

Kanuni hizi zinaonekana kuwa za ufundi tu, lakini ndani yake mna elimu ya maadili. Hapana hata moja inayomlaumu samaki. Chewa hamezi samaki mdogo kwa chuki. Humeza kwa njaa. Kikande hamfukuzi mwenzake kwa kiburi. Hulinda mahali pake. Baharini tabia hizo hizo zipo, na mauti yapo, walakini mnyonge wa baharini ana haki moja ambayo haikuandikwa popote: anaweza kukimbia. Bahari ni pana, na mwamba mwingine uko mbele. Kioo ndicho kinachoiondoa haki hiyo. Tangu siku kioo kinapowekwa, umbali wa mnyonge na adui yake hauamuliwi tena na mnyonge wala na adui. Huamuliwa na mwenye hodhi. Hapo ndipo deni linapozaliwa. Anayemnyang'anya kiumbe uwezo wa kukimbia amejitwika wajibu wa kumpa kimbilio. Mawe ya hodhini yanaonekana kama pambo, kumbe ni malipo ya deni.

Mwenye nyumba ya wageni akitoka ukumbini na kusimama mlangoni, atalikuta swali lake limemtangulia nje. Mbele yake liko ziwa la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, ambalo kina chake kikubwa ni mita 80 hivi. Upana wake humfanya mtazamaji alidhani kuwa ni bahari. Lakini kwa samaki aliye ndani yake ziwa nalo ni hodhi, na nchi kavu ndiyo kioo chake. Katika hodhi hii walikuwamo furu, samaki wadogo wa aina zipatazo 500, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wengine walikula konokono, wengine wadudu, wengine mwani wa mawe, wengine vifaranga vya wenzao. Walikuwa wamegawana ziwa kama ukoo mkubwa unavyogawana vyumba vya nyumba moja.

Sangara hakuwamo. Alikuwa samaki wa Mto Nili na wa Ziwa Albert, na maporomoko ya maji yalimzuia kupanda. Ni mla samaki ambaye aweza kufikia urefu wa karibu mita mbili. Katika miaka ya 1950 palikuwa na shauri la kumleta Ziwa Viktoria. Waliolipenda shauri hilo walisema kuwa furu ni wadogo na wana miba mingi. Afadhali waliwe na samaki mkubwa, na samaki mkubwa aliwe na watu. Wengine waliona pia starehe ya kumvua kwa ndoana. Waliolikataa walisema kuwa hakuna ajuaye mwisho wake. Mmoja wao, mtaalamu Geoffrey Fryer, alitoa onyo lake kwa maandishi mwaka 1960. Lakini sangara alikuwa ametiwa majini tangu mwaka 1954, upande wa Uganda, kimya kimya, hali shauri halijakatwa. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine kwa idhini. Watu walikuwa wakijadili kufungua mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi hapakuonekana jambo kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakaongezeka kwa wingi wa ajabu. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliokuwa wakiwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, waliwaona furu hao wakitoweka katika nyavu zao mwaka hata mwaka. Inakisiwa kuwa aina 200 hivi zilipotea. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, aliandika kitabu juu ya msiba huo, kikatoka Uholanzi mwaka 1994. Walikuja kuorodhesha walio hai, wakajikuta wanaandika tanzia.

Hapa yafaa kusikiliza upande wa pili, maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Sangara alileta mali. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, ndege zikachukua minofu hiyo kwenda Ulaya, vijana wakapata kazi, na wazazi wakalipa karo za watoto. Ni kweli kwamba mnofu ulikwenda mbali na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakauzwa kwa wasioweza kununua mnofu. Hata hivyo mtu aliyejenga nyumba kwa fedha ya sangara hawezi kuambiwa kuwa nyumba yake ni ndoto. Zaidi ya hayo, furu hawakuangamizwa na sangara peke yake. Udongo na mbolea za mashamba na taka za miji ziliingia ziwani, mwani ukazidi, maji yakawa machafu. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa katika maji yenye giza jike la furu hushindwa kuitambua rangi ya dume la aina yake, na hivyo aina huchanganyika na kupotea pasipo kuliwa na yeyote. Mfugaji wa hodhi angeyaelewa haya mara moja. Yeye hupima maji kila juma kabla ya kumshitaki samaki.

Je, faida hiyo yafuta kosa? Haifuti, kwa sababu faida na haki hazipimwi kwa mizani moja. Mkopaji aliyetajirika kwa fedha ya mkopo bado anadaiwa. Tena kosa lenyewe halikuwa kumpenda samaki mkubwa, wala kutaka watu washibe. Kushiba ni jambo jema. Kosa lilikuwa kutenda kwanza na kushauriana baadaye. Shauri linalofuata tendo halina kazi ila kulitafutia tendo hilo udhuru. Na katika shauri lile wavuvi wa mialoni, ambao riziki yao ndiyo iliyowekwa rehani, hawakuwa ndio wenye kukata neno.

Linganisha sasa hodhi mbili hizi. Katika ile ya lita 2,000, mwenyewe hupima sakafu, hupima chumvi, husubiri majuma, hupanga mawe, hutanguliza wapole, na huweka pembeni hodhi ya kumtoa mkorofi. Akikosea, hasara ni samaki wachache, na kesho anaweza kuanza upya. Katika ile ya kilomita za mraba 68,000, mkali aliingizwa usiku wa shauri, bila ya kimbilio kuandaliwa, na bila ya njia ya kumtoa. Ndoo moja yatosha kumtia; nyavu zote za nchi tatu hazitoshi kumtoa. Ingefaa uangalifu uongezeke kadiri hodhi inavyokua, lakini ada ya binadamu ni kinyume. Kwa kitu chake kidogo huwa bahili wa makosa, na kwa kitu kikubwa cha watu wote huwa karimu wa majaribio. Sababu yake si ngumu kuifahamu: hodhi ndogo ikivunjika maji humwagikia miguuni mwake, na ziwa likiharibika hasara hugawanyika kwa mamilioni, hata kila mmoja akadhani kuwa sehemu yake ni tone.

Wala si ziwa hili tu. Mwaka 1985 karibu na Florida, Marekani, alionekana samaki wa mapezi marefu na miiba ya sumu, ambaye jamaa yake hukaa katika miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, na ambaye wageni humwita samaki simba. Wataalamu wengi huona kuwa alitokana na hodhi za mapambo. Leo ameenea katika bahari ya Karibi na kula samaki wadogo wa huko, ambao hawakuzaliwa na hofu yake. Basi mwenye hodhi ya samaki wakali ana wajibu wa pili juu ya ule wa kimbilio: kinachoingia kwake kisitoke. Maji yakimwagika hayazoleki, na yenye samaki ndani yake hayazoleki kabisa.

Pamoja na haya, Mwanza ina ushahidi wa faraja. Mji huu umejengwa juu ya mawe, na mawe hayo hayakomi ufukoni. Huingia majini na kufanya nyufa na mapango kuzunguka visiwa. Sangara hupenda maji ya wazi. Katika nyufa hana nafasi. Kwa hiyo furu wa mawe waliokoka zaidi kuliko ndugu zao wa maji ya wazi. Mmoja wa furu wa mawe, ambaye dume lake ni jekundu mgongoni, alipewa mwaka 1985 jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Leo furu huyo anafugwa katika hodhi za vioo nchi nyingi za mbali. Baadaye sangara walipovuliwa kupita kiasi, baadhi ya furu wa maji ya wazi nao walianza kurudi, na sasa ni sangara mchanga ambaye sheria imemwekea kinga asivuliwe kabla ya kukua. Mkali wa jana amekuwa mnyonge wa leo mbele ya mkali mwingine, mwenye nyavu.

Mambo haya yanamhusu binadamu kwa karibu. Shule ni hodhi, gereza ni hodhi, soko ni hodhi, hata nyumba ya ndoa ni hodhi kwa yule asiye na nauli ya kurudi kwao. Mahali popote ambapo mwenye nguvu na asiye na nguvu wamefungiwa pamoja, haitoshi kumhubiria mwenye nguvu awe mpole, wala kumwambia mnyonge avumilie. Wa kuulizwa kwanza ni aliyejenga ukuta: ameweka mawe wapi? Sheria inayotekelezwa, mlango wa kupeleka mashitaka, jirani asiyeogopa kusema, hayo ndiyo mawe ya hodhi ya watu. Yakikosekana, ukali wa mkali ni nusu tu ya kosa. Nusu ya pili ni ya mjenzi.

Mwenye nyumba ya wageni wa Kirumba basi aijenge hodhi yake, maana kutaka kuona si dhambi. Lakini siku ya kwanza mgeni atakapofika na kuuliza kwa nini ndani ya vioo mna maji na mawe tu, na samaki wako wapi, ajibu bila ya haya kuwa samaki watakuja. Kwanza ameandaa pa kukimbilia.